Tungule (nyanya) zinaoza kitako na kupasuka, na maji natia kila siku. Nakosea wapi?

Mwl_wa_Konde

Assalam alaykum wana konde. Mie mwalimu wa skuli ya msingi, kilimo nimekianza juzi tu baada ya kurithi kikonde cha marehemu mzee upande wa Bumbwisudi, sio kule bondeni kwenye mpunga, huku juu, udongo mwekundu ule wazee wanaouita kinongo. Nina matuta 12, kila tuta upana mita 1 urefu mita 10, miche ya tungule niliitia mwisho wa mwezi wa 11 nikapiga hesabu zangu kwamba mpaka masika yaje nshachuma na nshauza.

Mvua za vuli zilipokuwepo mambo mazuri kabisa, miti ikanenepa, majani mpaka nikajisifu kazini. Vuli ilivyokatika na kaskazi kuanza kupiga ndo balaa limeingia. Maua yanapukutika, yale yaliyoshika tunda likifika ukubwa wa limau linafanya doa jeusi chini kwenye kitako kama limebandikwa pasi, na yale yaliyosalimika yanapasuka juu karibu na kikonyo. Kwenye ndoo moja ya kuchuma nusu naitupa.

Na maji wallahi sijakosa kutia hata siku moja. Nikirudi skuli nakula napumzika, saa kumi na moja nipo konde na mpira wa maji, kila tuta naenda nalo mpaka napaona juu pamerowa panang'ara ndo nahamia jengine. Jumapili siku ya mapumziko naachia maji kwelikweli mpaka yanajaa kwenye njia za katikati. Jirani yangu yeye anatia siku moja kwa tatu na tungule zake zinacheka tu. Nimekwenda duka moja la pembejeo wakaniuzia dawa ya ukungu, nimepiga mara mbili, doa liko pale pale na pesa imekwenda.

Sasa naomba mnifahamishe, maji nazidisha au napunguza? Na lipi bora, kidogo kila siku au mengi kwa siku moja moja? Mana mwengine ananambia tungule haipendi maji, mwengine ananambia itie maji kama mpunga, mie nimebaki katikati.

---

BiMchicha

Wa alaykum salam mwalimu, pole sana. Mie tungule zilinishinda zamani nikakimbilia mchicha na sijutii. Mchicha wangu natia maji asubuhi na jioni, na siku nikikosa moja tu basi majani yanakuwa magumu na wateja wangu wa soko la Darajani wana midomo, wananambia Bi leo umetuletea kamba. Kwa hiyo mie nasema kila siku. Lakini tungule sio mchicha, nawaachia wenyewe.

---

MtuWaUwanda

Kila siku? Mie natia MARA MBILI kwa siku na bado nachungulia mchana. Niko Jambiani, huku udongo wenyewe unauokota kwenye mashimo ya mawe, kiganja na nusu ushagonga jiwe. Ukitia maji mengi kwa pamoja yanapita chini kwenye maweni kama umeyatia kwenye chekeche, mti haujanywa kitu, na mbolea yako imekwenda nayo. Nshafanya ujinga huo, nikatia yuria halafu nikafurika maji kwa furaha, wiki mbili baadae majani ya njano konde zima.

Kwa hiyo dawa yako kaka ni kidogo kidogo mara nyingi. Huyo jirani wa siku moja kwa tatu muulize vizuri labda usiku anatia kwa siri.

---

Mpemba_Bondeni

Hahaha huyo wa Jambiani anampa mwenzake dawa ya ugonjwa wake yeye.

Miye niko Pemba, konde langu bondeni, kinamo kitupu, ule udongo ukirowa unanata kwenye jembe na ukikauka unafanya nyufa mguu unaingia. Mwaka juzi nikasikia maneno hayo hayo ya kidogo kidogo kila siku, nikaona mbona nna maji mto uko pale, bas nikawa natia asubuhi natia jioni. Mibilingani na mitungule yote ikaanza kunyauka mchana, mie nikaona kiu hiyo, nikazidisha. Loh! Nang'oa mti mmoja nakuta mizizi ya kahawia inanuka kama maji ya mtaro. Ilikuwa inazama yakhe, haina pumzi, na mie namwongezea maji anayezama.

Ikaja na mnyauko ule wa bakteria, ukikata shina ukalitia kwenye glasi ya maji safi inatoka kama moshi mweupe. Robo tatu ya konde ilikwenda. Tangu hapo kwenye kinamo changu natia siku moja kwa nne, tano, na matuta nimeyainua juu. Usinyanyue mpira mpaka uchimbe uone.

---

Kijana_Dripu

Watu wawili watatu mnabishana kidogo kidogo, mengi mengi, jibu ni moja tu, FUNGENI DRIPU. Mpira wa matone, tangi juu, unafungua koki unakaa kivulini. Mie tangu nimefunga sina stresi.

---

MtuWaUwanda

Dripu nnayo kijana. Maji yetu ya visima yana chokaa, miezi mitatu tu vitundu vimeziba nusu, mti huu unakunywa ule unakufa, na wewe umekaa kivulini hujui. Inataka chujio, inataka kusafishwa. Na hata ikiwa nzima bado inabidi ujue uifungue saa ngapi. Dripu inapeleka maji, haikuambii kiasi gani.

---

AmiShamba

Wa alaykum salam. Mie ni bwana shamba mstaafu, nimezunguka na baskeli makonde ya Unguja na Pemba miaka mingi, sasa nalea wajukuu na migomba miwili mitatu. Nimesoma yote hapo juu na nimefurahi, mana wote mmesema kweli, kila mmoja kwa udongo wake. Mwalimu ukimsikiliza wa Jambiani utatia kama wa Jambiani na wewe hulimi Jambiani.

Kwanza hilo doa. Hiyo ni kuoza kitako, sio ukungu, dawa uliyopiga hata ungepiga mara kumi ingekuwa hivyo hivyo. Tunda linakosa kalsiamu ikafika mwisho wake wa chini, na mara nyingi kalsiamu kwenye udongo ipo, ila inasafiri ndani ya mti kwa kubebwa na maji. Maji yakiwa leo yapo kesho hayapo, majani yanayotoa jasho sana yanayavuta kwao, tunda linabaki nyuma. Na kupasuka ni upande wa pili wa jambo hilo hilo: ganda limezoea kiu limekuwa gumu, Jumapili unalifurika, nyama ya ndani inavimba kwa ghafla, ganda haliwezi. Kwa hiyo mtu akiniambia tungule zangu zinaoza kitako NA zinapasuka, mie nnajua tayari maji yake hayendi sawa, hata kabla hajanambia anatia kiasi gani.

Sasa kiasi. Mwalimu umetueleza unatia kila siku, hujatwambia unatia LITA ngapi. "Mpaka panang'ara" sio kipimo, udongo mkavu ukiupiga maji sekunde ishirini unang'ara. Naomba ufanye mambo mawili kesho. Chukua ndoo ya lita 20, elekeza mpira wako, hesabu inajaa kwa sekunde ngapi. Halafu ukishatia maji kama kawaida yako, ngoja saa moja, chimba katikati ya tuta kwa panga mpaka kina cha shubiri moja utwambie unyevu umefika wapi. Kisha tutazungumza.

---

Mwl_wa_Konde

Shikamoo ami, na ahsanteni nyote. Nimefanya leo.

Ndoo ya lita 20 imejaa kwa sekunde 50. Na nimejipima bila kujionea haya, kila tuta nasimama nalo kama dakika moja, mana matuta ni 12 na magharibi inanikimbiza.

Halafu nimechimba. Ami nimeona aibu. Vidole viwili vya juu pamerowa vizuri, chini yake pakavu, vumbi, unaweza kuchekecha. Na mizizi yote imejazana huko huko juu kwenye vidole viwili imelala kama nywele. Miezi miwili natia maji kila siku na chini ni jangwa.

---

Mpemba_Bondeni

😂😂 mwalimu ulikuwa unaosha uso wa konde.

---

AmiShamba

Marahaba mwanangu. Usione aibu, wengi mno wanafanya hivyo na wana miaka ishirini konde.

Tupige hesabu pamoja, we mwalimu utaifuata. Mpira wako lita 20 kwa sekunde 50, ndo lita 24 kwa dakika. Tuta lako mita 10 za mraba. Lita moja kwenye mita moja ya mraba ni sawa na milimita moja ya mvua, hii ndo hesabu ya kuishika kuliko zote. Kwa hiyo dakika yako moja inampa tungule milimita 2.4.

Sasa mti unataka ngapi? Siku za kaskazi hizi, jua kali na upepo mkavu, tungule zilizojaa majani na zinazobeba matunda zinakunywa kama milimita 5 mpaka 6 kwa siku. Tushike 5.7, tuta moja lita 57. Na hizo ni zile zinazofika kwenye mizizi. Kwa mpira wa mkono mengine yanakwenda njiani, mengine yanakauka juu, tuseme 70 katika mia ndo zinafika, basi inabidi utoe kama lita 82 kwa tuta kwa siku. We unatoa 24. Unampa mtu kijiko cha uji asubuhi halafu Jumapili unamtilia sufuria zima mdomoni.

Kwa hiyo swali lako la kwanza: unapunguza sana, isipokuwa Jumapili unapozidisha.

Swali la pili, kila siku au siku moja moja. Hapa ndo udongo unapoingia, na ndo mana hawa wawili hapo juu wamegombana. Fikiria udongo ni tangi. Mchanga mwepesi kila mita moja ya kina inashika maji ya kutumika na mmea kama milimita 50 mpaka 110 tu, udongo wa wastani kama kinongo chako kizuri tuseme 150 hivi. Tungule haitaki ufike mwisho wa tangi ndo uongeze, ikishakunywa kama 40 katika mia inaanza kubana mavuno hata kama huioni kunyauka. Mizizi yako ikiwa na kina cha nusu mita, kwenye kinongo una milimita 75 ndani ya tangi, sehemu ya kutumia bila madhara 30, gawa kwa 5.7 unapata siku tano. Kwenye kichanga kina hicho hicho unapata siku mbili na nusu tatu. Huyu wa Jambiani mwenye kiganja na nusu cha udongo hata siku mbili hafiki, na jiwe lile linapata moto, yuko sahihi kutia kila siku mara mbili. Na wa Pemba kwenye kinamo yuko sahihi kungoja, pale shida sio tangi kuwa dogo, shida ni hewa.

Wewe jirani yako wa siku moja kwa tatu yuko sahihi na hana siri yoyote.

Ila usirukie kesho. Mizizi yako umeizoesha kukaa juu, ukiiacha siku tatu bila maji sasa hivi utaipotezea maua yote. Wiki ya kwanza tia kila siku lakini yawe mengi ya kutosha, taratibu, yazame. Wiki ya pili siku moja kwa mbili. Halafu siku moja kwa tatu, na kila mara uchimbe uone unyevu umefika shubiri moja na zaidi. Mizizi inafuata maji, ukiyapeleka chini itashuka.

---

BiMchicha

Ami mie nimeelewa kitu leo. Kumbe mchicha wangu natia kila siku kwa sababu mizizi yake mifupi.

---

AmiShamba

Ndio Bi, na unakatwa mapema mizizi haijapata muda wa kwenda popote. Vitunguu pia ni hivyo hivyo, mizizi mifupi, ukimpelekea siku tano bila maji kitunguu kinabaki kama kidole. Kabeji iko katikati.

---

Mwl_wa_Konde

Ami tatizo jengine ni muda. Siku moja kwa tatu tuta moja linataka lita 82 mara 3, karibu lita 246, kwa mpira wangu dakika kama 10. Matuta 12 ni saa mbili nzima, na kisima tunatumia watu wanne kwa zamu. Nikizipunguza kidogo, tuseme nitie robo tatu tu ya hizo, nitapoteza nini?

---

AmiShamba

Swali zuri na jibu lake ni kwamba inategemea unapunguza lini.

FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walitoa kitabu mwaka 1979 wakaweka namba kwa kila zao, namna mavuno yanavyoshuka maji yakipungua. Kwa tungule wakati inakuza majani namba ni 0.4, wakati wa maua 1.1, wakati wa kujaza matunda 0.8, wakati wa kuiva 0.4 tena. Maana yake ukiunyima mti asilimia 20 ya maji yake wakati bado mdogo unakuza majani, unapoteza kama asilimia 8 ya mavuno. Ukiunyima hiyo hiyo 20 wakati wa maua unapoteza kama 22. Maji yale yale, lita zile zile, mara moja unapoteza ndoo moja mara nyengine unapoteza karibu tatu. Pilipili boga ndo mbaya zaidi kwa kumwaga maua, ikikosa siku mbili imeshakukasirikia.

Kwa hiyo kama maji hayatoshi usiyapunguze kwa usawa kuanzia mwanzo hadi mwisho kama mtu anayegawa mkate. Bana wakati miche imeshashika na inakuza majani, fungua wakati wa maua na wakati tunda linajaa, halafu bana tena likianza kugeuka rangi. Na tungule iliyobanwa kidogo wakati wa kuiva inakuwa tamu na haipasuki ovyo, ingawa uzito unapungua kidogo. Wewe sasa hivi uko kwenye maua na matunda, ndo wakati mbaya wa kuomba punguzo.

Ila muda unaweza kuupata kwa njia nyengine. Gawa matuta yako makundi matatu, manne manne. Leo manne, kesho manne, keshokutwa manne, halafu unarudi kwa ya kwanza. Kila siku ni dakika 40, na kila tuta linapata siku moja kwa tatu. Na lita unaweza kuzipunguza kihalali kwa kufunika udongo, majani makavu, majani ya mpunga hapo bondeni kwenu yanachomwa bure kila msimu, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, kitu chochote kinachozuia jua lisipige udongo moja kwa moja. Na tia alfajiri badala ya jioni kama unaweza, maji yanazama kabla jua halijapanda, na ukirowesha majani ya mti yatakauka mapema. Jioni majani yakilala mabichi usiku kucha ndo unaukaribisha ule ukungu wa kweli, na hapo ndo ile dawa ingekuwa na kazi.

---

Kijana_Dripu

Ami lakini si mchana maji yanaunguza majani? Bibi yangu alikuwa anatufukuza na ndoo saa saba.

---

AmiShamba

Bibi yako alikuwa sahihi kuwafukuza, sababu tu ndo nyengine. Saa saba maji mengi yanakwenda na jua. Isipokuwa maji ya chumvi, hayo yakikauka juu ya jani kweli yanaacha chumvi inaunguza.

---

MtuWaUwanda

Hapo kwenye chumvi ami umenigusa. Kisima changu mvua zikiwepo maji matamu, kaskazi ikifika kama sasa, na mahoteli nayo yanavuta maji pwani nzima, ukiyaonja ulimi unakataa. Maharage nimeshaacha. Tungule zinavumilia lakini matunda madogo. Je nitie kidogo kidogo au nifurike?

---

AmiShamba

Kwenye chumvi ujue kila zao lina uvumilivu wake. Kipimo kinaitwa desisimensi kwa mita, maabara yoyote ya udongo wanakipima. Chumvi ndani ya udongo ikifika 1 maharage yanaanza kushuka, pilipili boga 1.5, kabeji 1.8, tungule na tango 2.5. Tungule ikishapita hapo kila kipimo kimoja kinachozidi inakula kama asilimia 10 ya mavuno. Ndo mana umeacha maharage na tungule bado unazo, ulimi wako umefanya kazi ya maabara.

Kutia kwako mara mbili kwa siku endelea nako, mana udongo ukikauka chumvi iliyomo inakuwa kali zaidi kwa mzizi. Ila kila baada ya siku kadhaa ongeza maji zaidi ya anayokunywa mti ili yaisukume chumvi chini. Kwako mawe yanapitisha, bahati yako, kwa huyu wa kinamo cha Pemba angefanya hivyo angezamisha tena. Na mbolea tia baada ya kuisukuma, sio kabla, mana hiyo yuria uliyoipoteza siku ile ilikwenda hivyo hivyo.

---

Mpemba_Bondeni

Sasa ami na mimi nataka faida. Hiyo ya kuchimba na panga kila siku inachosha, hamna njia nyepesi?

---

AmiShamba

Mkono. Toa udongo wa kina cha shubiri, ukamate kama tonge la ugali ubinye. Ukitoa maji kati ya vidole, weka mpira chini ukapumzike. Ukifanya tonge likakaa lakini mkono haurowi, yapo ya kutosha. Ukibinya linamomonyoka hata halikamatani, umeshachelewa. Kwa mchanga tonge halikai hata kukiwa na maji kwa hiyo pale angalia rangi na ubaridi. Wiki mbili utakuwa unajua kwa kukanyaga tu.

Na usidanganywe na kunyauka kwa saa saba mchana. Jua likiwa kali mti unajilegeza hata maji yapo, asubuhi ukiukuta umesimama hauna kiu. Ukiukuta asubuhi umelegea, hapo ama hauna maji kabisa ama mizizi imeoza. Chimba ndo utajua lipi.

---

Mwl_wa_Konde

Nitafanya. Ila mie mwalimu wa sayansi siwezi kuacha hivi hivi, matuta mawili ya mwisho nayaacha na dakika yangu moja kila siku na ile furika ya Jumapili, kumi nayafanya kama alivyosema ami. Mawili yale sitii majani makavu wala chochote. Nitarudi.

---

Kijana_Dripu

Mwalimu anaadhibu matuta mawili kwa makosa yake mwenyewe 😂

---

*(wiki tano baadae)*

Mwl_wa_Konde

Assalam alaykum, nimerudi kama nilivyoahidi.

Wiki mbili za mwanzo sikuona kitu nikataka kukata tamaa, mana zile zilizokuwa zimeshaoza kitako hazikupona, nikawa nazichuma nazitupa. Wiki ya tatu ndo nikaanza kuona, maua mapya yameshika hayapukutiki kama zamani, na matunda mapya kitako kisafi. Majani ya mpunga nimeyapata bure kweli, mwenye konde la bondeni kanishukuru kwa kumwondoshea.

Nimechuma mara tatu kwenye haya matuta kumi na mara tatu kwenye yale mawili. Nimehesabu kwa tuta ili iwe haki. Matuta ya ami yananipa ndoo moja na kitu kila tuta kwa mchumo, na mbovu ndani ya ndoo hazizidi kumi. Yale mawili ya adhabu nusu ndoo, na katika hiyo nusu karibu nusu yake mbovu, na Jumatatu ndo zinapasuka zaidi kuliko siku zote, mana nimezifurika Jumapili. Nimewapeleka wanafunzi wa darasa la sita wakaona, mtoto mmoja kanambia mwalimu kwa nini hizi huzipendi.

Kitu kilichonishangaza ni maji yenyewe. Ule mwezi wa mwanzo nilikuwa natia siku saba kwa wiki na naona nachoka. Sasa hivi tuta linapata maji siku moja kwa tatu, na tangu nifunike majani nimeshuka kutoka dakika 10 mpaka 7 kwa tuta, ukichimba siku ya tatu bado tonge linakaa. Mizizi nimechimba mmoja pembeni, imeshuka zaidi ya shubiri.

Na jirani nimekwenda kumuomba radhi, mana niliwahi kumwambia mtu kwamba anatumia dawa za siri.

---

AmiShamba

Maashallah. Sasa masika yanakaribia. Weka kopo lenye kuta zilizosimama wima katikati ya konde, kila mvua pima kwa rula. Ikinyesha milimita 17 ndo mahitaji ya siku tatu hayo, mpira usiuguse. Na njia za katikati zifungulie pa kutokea maji, kinongo kinapitisha lakini masika yetu mnayajua.

---

Mpemba_Bondeni

Mwalimu hayo matuta mawili yapumzishe sasa yakhe, ushahidi umeshapatikana.

---

Mwl_wa_Konde

Jana nimeyapa maji ya haki na majani makavu. Ila tungule mbovu za wiki hii ninazo ndoo nzima hapa, sijui nizizike au vipi.

---

BiMchicha

Usizitupe! Lile doa jeusi unalikata tu, juu nyama nzima, ilimradi haijaanza kunuka. Niletee Jumamosi Darajani mie nafanyia achari, tutaelewana bei. Na mtoto wa darasa la sita mpe salamu zangu.

---

Mwl_wa_Konde

Jumamosi inshaallah Bi. Niacheni kwanza, zamu yangu ya kisima imefika na huyu wa baada yangu hana subira.